Breki Zisizochoka

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumapili iliyopita, haya ndiyo yaliyomfika Clemensi Bura mpaka sasa. Aliacha kazi ya kufunga mitandao kwenye hoteli za watalii mjini Karatu, akajifungia chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake, akatengeneza gemu ya mashindano ya baiskeli ya kuchezwa kwenye simu. Mtu akikosea kona katika gemu ile, huanguka vile vile ambavyo angeanguka barabarani. Kampuni ya kinywaji cha Mshawasha ikaipenda, ikaichukua kabla haijakamilika, ikaibatiza jina la Mteremko wa Mshawasha. Tulimwacha anafungua barua pepe ya kwanza ya Bi Beatrice, meneja masoko wa kampuni hiyo, aliyeko Dar es Salaam.

Barua ile ilikuwa na mambo kumi na tisa ya kurekebisha.

La kwanza lilihusu chupa. Clemensi alikuwa ameiweka kwenye fremu ya baiskeli, mahali chupa inapokaa siku zote. Bi Beatrice akaandika kwamba jina la kinywaji halisomeki. Clemensi akaikuza. Ikawa kubwa mpaka goti la mwendeshaji likawa linaigonga kila akikanyaga pedali. Akaihamishia nyuma ya kiti. Jibu likarudi kwamba nyuma ya kiti inaonekana kama mtungi wa gesi.

Kisha likaja la vumbi. Wakubwa wa kampuni waliona vumbi linachafua nembo, wakaomba lipunguzwe. Clemensi akawaeleza kwa upole kwamba barabara ya Oldeani, aliyoiiga kwenye gemu, ni ya udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi hata majani ya mikahawa huwa mekundu. Wakamshukuru kwa maelezo. Wakaomba vumbi lipunguzwe.

Kila alichorekebisha ilibidi akitume, na faili lilikuwa zito. Lilifika asilimia tisini, umeme ukakatika. Likaanza upya. Likafika asilimia themanini, mtandao ukaanguka. Siku ya tatu alibeba kompyuta begani mpaka kwenye hoteli aliyowahi kuifanyia kazi, akaomba kona ya kukaa, akaambiwa anunue chakula kwanza kama mgeni mwingine. Akala chipsi zilizopoa huku akiitazama asilimia inavyotambaa.

Yote hayo aliyavumilia. Lililomshinda ni la Kona ya Tenki.

Kona hiyo iko kilomita mbili chini ya geti la juu la shamba la zamani la kahawa. Pana tenki la maji la enzi za wakoloni, limeota kutu, na hapo barabara hukata kushoto ghafla. Changarawe hukusanyika upande wa nje wa kona, na ukishavuka changarawe, ni korongo.

Clemensi aliijua kona ile kwa tarakimu. Aliyeijua kwa mwili ni Goodness, mdogo wake wa kike, ambaye kazi yake ni kuwaongoza watalii kwa baiskeli kwenda kuona mashamba ya kahawa. Kwa miezi mitatu, kabla ya kwenda kazini, Goodness aliteremka mteremko ule akiwa amefunga simu moja kwenye usukani na nyingine kiunoni, ili kaka yake apate vipimo. Aliteremka mara arobaini na mbili. Alianguka mara mbili, na kiwiko chake cha kulia hakinyooki tena sawasawa. Kila mtetemo wa gemu ile ulikuwa umepita kwanza kwenye mifupa ya Goodness.

Vipimo vikasema hivi: Kona ya Tenki ikiwa kavu, mwisho ni kilomita arobaini na moja kwa saa. Ukizidisha, tairi litateleza. Na usijidanganye kwamba utafunga breki ukifika, kwa sababu ukizikamata tangu juu zitakuwa zimepata moto na kuchoka. Breki zikichoka unaminya mkono wote na baiskeli haisikii.

Hayo yote Clemensi aliyaingiza kwenye gemu. Ndiyo yaliyokuwa fahari yake.

Kampuni ikawapa watu thelathini gemu ile waijaribu, huko Dar es Salaam. Ishirini na watatu walianguka Kona ya Tenki. Wengi waliweka simu chini hapo hapo, hawakuicheza tena.

Bi Beatrice akapiga simu. Kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba hakuwa mkali. Alimsikiliza Clemensi mpaka mwisho, akamwacha aeleze habari za msuguano, joto la breki na uzito wa mwili kwenye kona. Kisha akasema jambo moja.

“Clemensi, watu hawanywi kitu kinachowaangusha.”

Akampa mpaka Ijumaa. Akamweleza kwamba wakubwa wake walishataka kazi hiyo wapewe vijana wengine ambao wangeimaliza kwa siku mbili, na kwamba yeye ndiye aliyemtetea. Clemensi aliamini. Ndiyo maana alishindwa hata kumkasirikia.

Alhamisi mchana alikaa mbele ya kompyuta, akabadilisha tarakimu mbili. Joto la breki akaliweka sifuri. Msuguano wa changarawe akauzidisha mara mbili. Kazi ya miezi mitatu ya mdogo wake ilibatilishwa kwa muda usiotosha kupoza kikombe cha chai.

Akaijaribu. Akaingia Kona ya Tenki kwa mwendo wa kilomita hamsini na nane kwa saa, baiskeli ikalala kushoto, ikanyooka, ikatoka. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba uongo ulikuwa mtamu kuliko kweli aliyoihangaikia.

Pamoja na toleo hilo ikaja karatasi ya kusaini. Iliandikwa kwamba fizikia ya mchezo huu imetokana na vipimo halisi vya barabara ya Oldeani. Clemensi aliisoma mara mbili. Akajiambia kwamba hayo ni maneno ya matangazo, na matangazo hayamuui mtu. Akasaini.

Clemensi hakumwambia Goodness. Gemu ilipotoka, Goodness aliicheza akiwa amekaa kizingitini, akateremka mpaka chini mara moja, akamrudishia simu. Akauliza mbona imekuwa laini. Clemensi akamjibu kwamba kwenye kioo cha simu mambo huonekana tofauti. Goodness akamwangalia kidogo, akainuka, akaenda kuosha baiskeli yake.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za neema. Watu waliicheza Mwanza, Dodoma, Mbeya, hata Loliondo na Malambo ambako mtandao wenyewe ni wa kupanda kilimani. Mama yake Clemensi alisimamishwa kanisani akapongezwa. Mwenye ile hoteli ya chipsi alimpigia simu, safari hii akimwita mkurugenzi.

Wiki ya tatu likasimamishwa bango karibu na stendi ya Karatu. Lilikuwa na chupa kubwa, baiskeli, na maneno haya: UKIUWEZA KWENYE SIMU, UMEUWEZA OLDEANI.

Chini yake ilielezwa kwamba wachezaji wanane bora nchini wataletwa Karatu, watapewa baiskeli mpya, na watauteremka mteremko wenyewe, mbele ya kamera. Kiongozi wao siku ya mazoezi: Goodness Bura.

Clemensi alisimama mbele ya bango lile mpaka mwenye bodaboda mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Alimpigia Bi Beatrice pale pale. Akamwomba asimamishe shindano. Bi Beatrice akamtuliza, akamhesabia kila kitu kilichoandaliwa: helmeti, gari la wagonjwa, watu wa huduma ya kwanza, bima. Ikabidi Clemensi aseme wazi kwamba kona ya kwenye gemu siyo kona ya Oldeani, kwamba yeye mwenyewe aliibadilisha, na kwamba yeye Bi Beatrice ndiye aliyemtaka aibadilishe.

Ukasikika mlango ukifungwa upande wa pili wa simu.

“Mimi nilikuomba uirahisishe,” Bi Beatrice akasema. “Kama kurahisisha kulivunja vipimo, ulitakiwa uniambie siku ile. Watu wa bima walikubali kwa sababu ya karatasi yako. Unaelewa? Karatasi yako wewe, uliyoisaini.”

Akamwomba asilirudie jambo hilo kwenye simu. Kisha akakata.

Clemensi bado alikuwa na nywila ya kuingilia ndani ya gemu. Alirudi nyumbani mbio, akarudisha tarakimu za kweli, joto la breki na msuguano wa changarawe, akatuma toleo jipya saa sita mchana. Umeme, kwa mara ya kwanza, haukukatika. Alijiambia kwamba zimebaki siku nane kabla ya shindano, na siku nane zinatosha watu wanane kujifunza kuogopa.

Saa saba malalamiko yalianza kumiminika. Watu waliandika kwamba gemu imeharibika. Wengine waliandika kwamba imedukuliwa. Mmoja aliandika kwamba aliyeitengeneza hajawahi kupanda baiskeli maishani. Nyota ambazo wachezaji huipa gemu zilishuka kutoka nne na nusu hadi mbili.

Saa kumi kampuni ikarudisha toleo la zamani. Saa kumi na robo Clemensi alijaribu kuingia, akaambiwa nywila siyo sahihi. Akajaribu tena. Akajaribu tarehe ya kuzaliwa ya mama yake, ingawa alijua kabisa kwamba siyo. Alikuwa ametupwa nje ya gemu aliyoizaa mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Goodness. Hapo mwanamume huyu, aliyekuwa na ujasiri wa kubishana na kampuni nzima, akawa mwoga kwa siku saba. Kila akimkuta jikoni, aliongea habari za mvua. Goodness alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kumwona nayo. Jina lake lilikuwa kwenye bango. Watalii walipiga nalo picha.

Mazoezi yalipangwa Ijumaa saa nane mchana. Clemensi akaapa kumwambia Ijumaa asubuhi. Alipoamka, baiskeli ya Goodness haikuwepo. Mama akasema wamempigia simu alfajiri. Mvua inatarajiwa mchana, kwa hiyo mazoezi yamesogezwa hadi asubuhi.

Alichukua bodaboda. Barabara ya kupanda Oldeani haina huruma na mtu mwenye haraka. Dereva aliyakwepa mashimo moja moja, na kila alipoombwa aongeze mwendo alijibu kwamba pikipiki ni yake na mgongo ni wake. Walipofika geti la juu, mawingu yalikuwa yameshashuka kwenye mlima.

Baiskeli zilikuwa zimepangwa mstari mmoja. Wachezaji wanane walikuwa wanajinyoosha viungo. Patrisi, mpiga picha wa kampuni, alikuwa anatazama angani, analaumu mwanga. Goodness alikuwa pembeni, anakaza skrubu ya kiti cha baiskeli.

Kabla Clemensi hajamfikia, kijana mmoja mrefu alimzuia njia, akampa mkono kwa adabu. Alijitambulisha kuwa Olais, wa Malambo. Ndiye aliyeongoza kwenye ubao wa washindi. Alisema ametoka kwao na pikipiki usiku kucha ili afike, na kwamba alitaka sana kumwona mtu aliyetengeneza kile kitu.

Clemensi akamuuliza kama amewahi kuendesha baiskeli ya mashindano. Olais akasema hapana, lakini pikipiki anaendesha tangu akiwa darasa la saba.

“Basi nisikilize. Kona ya Tenki ya kwenye simu siyo ya kweli. Ukifika pale uende polepole, polepole kabisa. Au usishuke.”

Olais alimtazama usoni, kisha akatabasamu kama mtu aliyegundua mtego.

“Kaka, unanipima,” akasema. “Ile kona mimi nimeiteremka mara mia nne na kitu. Sijaanguka hata moja.”

Clemensi akaona hapo hapaongeleki. Akamwendea Goodness, akamshika mkono, akamwomba waongee faragha. Goodness akasema wanakaribia kuondoka. Clemensi akasema haiwezi kungoja. Akamvuta mpaka nyuma ya gari la wagonjwa, mbali na masikio ya watu.

Akaanza vibaya. Akaanza na chupa, akaingia kwenye vumbi, akamtaja Bi Beatrice. Goodness akamkatiza, akamwambia aseme lililomleta.

“Kona ya Tenki niliibadilisha. Na breki. Vipimo vyako nilivifuta, nikasaini karatasi kwamba havijaguswa.”

Alitegemea kofi. Alitegemea machozi. Goodness aliifuta mikono yake kwa kitambaa chenye mafuta, kidole kimoja kimoja.

“Nilijua siku ile kizingitini,” akasema. “Nilingoja uniambie.”

“Ulijua, na ukakubali kuwaongoza?”

“Kwa sababu nilijua. Nikiwa mbele yao hakuna anayeweza kunipita, barabara ni nyembamba. Nitawashusha kwa mwendo wangu mpaka Tenki, pale nitawasimamisha, tutaitembea kona kwa miguu, waione wenyewe. Baada ya hapo hakuna atakayekimbia kesho. Nimelipanga hili wiki nzima, kaka. Nilichohitaji ni kuwa mbele tu.”

Kwa wiki nzima Clemensi alikuwa amebeba mzigo ambao mdogo wake alishaubeba kabla yake, kimya kimya, na akautafutia njia. Alitaka kumwomba msamaha. Alitaka kumwomba kwa maneno mazuri, na akiyatafuta maneno hayo dakika nyingine ikapita.

Ndipo waliposikia mluzi.

Walitoka mbio nyuma ya gari. Pale baiskeli zilipokuwa zimepangwa ilibaki moja, ya Goodness, imelazwa chini pale alipokuwa anaikaza kiti. Vumbi lilikuwa linatua barabarani.

Patrisi alieleza bila wasiwasi wowote. Mwanga ulikuwa unapotea. Alimtafuta Goodness hakumwona, akawaambia wachezaji watangulie hatua chache tu, mpaka kwenye ule mstari wa miti, awapige picha kwa nyuma, kisha wasimame wamngoje kiongozi. Aliwaambia wasimame. Alirudia hilo mara mbili. Wao walipofika kwenye miti, waliendelea, hata alipowapigia mluzi.

Clemensi akauliza ni muda gani umepita. Patrisi akasema haifiki hata dakika.

Goodness aliinua baiskeli, akairukia ikiwa inatembea, akainama juu ya usukani. Clemensi alipaza sauti amwite, na hata yeye hakujua alitaka kumwambia arudi au aongeze.

Hesabu ikaja yenyewe kichwani, kwa sababu hesabu ile ilikuwa kazi yake. Kilomita mbili mpaka Tenki. Wao wametangulia kwa sekunde arobaini, labda hamsini. Ili awafikie kabla ya kona, Goodness angelazimika kwenda hamsini na kitu kwa saa njia nzima, kisha azishike breki zikiwa tayari zina moto, mbele ya kona isiyokubali zaidi ya arobaini na moja. Hakuna aliyejua tarakimu hizo duniani ila wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anateremka.

Alimpigia kelele dereva wa gari la wagonjwa awashe gari. Dereva akasema ufunguo anao nesi, na nesi ameingia shambani kwenye mikahawa kujisaidia.

Clemensi akakimbia. Kando ya geti pana tuta la udongo, na juu ya tuta lile mtu huona kipande cha barabara chini ya Tenki, pale inaponyooka baada ya kona. Tenki lenyewe halionekani, limezibwa na miti. Akapanda kwa mikono na magoti. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanadondoka.

Alisubiri. Aliona vumbi likipanda nyuma ya miti, zito kuliko vumbi la baiskeli. Hakusikia kelele yoyote. Umbali ulikuwa mkubwa.

Kisha akatoka wa kwanza upande wa pili wa kona, anayumba, lakini yuko juu ya baiskeli. Akatoka wa pili. Wakatoka wawili pamoja. Clemensi akahesabu kwa sauti, kama mtu anayeingiza ng'ombe bomani. Wa tano. Wa sita alitoka kwa miguu, anaivuta baiskeli, akakaa chini katikati ya barabara.

Wanane na Goodness ni tisa.

Alingoja wa saba. Mvua ikazidi. Wale sita wakaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye kona, mmoja akikimbia.

Kampuni ilikuwa imewavalisha wote sare moja, helmeti moja ya bluu na jezi moja yenye chupa mgongoni, kiongozi pamoja nao. Clemensi alikaza macho mpaka yakamuuma. Kutoka pale juu hakuweza kujua kama mmoja wa wale sita alikuwa mdogo wake.